Mnyama Aliyelala Mtungini

Mtungi mpya una harufu ya mvua ya kwanza. Mtungi wa zamani una harufu nyingine, ya udongo uliokwisha kuzoeana na maji, na ndiyo harufu iliyonipokea nilipoingia jikoni kwa mama kule Kisian, siku mwili wake uliporudishwa nyumbani. Wanawake waliokuja kusaidia kupika walikuwa wakiingia na kutoka. Kila aliyetaka maji aliliinua jiwe lililokaa juu ya kifuniko cha mtungi, akateka, akalirudisha jiwe mahali pake, na kuendelea na mazungumzo yake bila kulitazama.

Ni jiwe la mviringo linalojaa kiganja, bapa kwa chini na limeinuka juu kidogo, kama skonzi. Mgongoni lina nyota ya ncha tano. Si nyota ya kuchorwa wala ya kuchongwa. Ukipitisha kidole unahisi vitundu vidogo vidogo vimejipanga safu kwa safu, kana kwamba mtu mwenye subira nyingi alikaa na sindano akatoboa. Nilisimama pale mkono juu ya jiwe mpaka mpishi mmoja akaniomba nisogee. Mimi sasa nina wajukuu, na kanisani nimehesabiwa miongoni mwa wazee. Lakini kwa muda ule nilikuwa mtoto wa Kondele tena, nimeketi kizingitini, karanga zangu mapajani.

Kondele tulikaa chumba na sebule katika ploti yenye bomba moja. Mama alikuwa akikaanga samaki na kuuza karibu na njia panda. Baba alifanya kazi pwani, katika machimbo ya mawe ya kujengea, huko ambako, kwa maelezo yake, ardhi yenyewe ni bahari iliyokauka. Tulimwona Krismasi. Alikuja na nazi, halua iliyofungwa kwenye karatasi yenye mafuta, na leso ya mama. Mwaka ule, baada ya kutoa vyote hivyo, alitoa pia fulana iliyoviringishwa, na ndani ya fulana mlikuwa na hilo jiwe.

Mama aliligeuza geuza, akasema ni zuri, akauliza linafanya kazi gani.

Baba alisema, “Haifanyi kazi. Huyu alikuwa mnyama. Alilala chini ya bahari, matope yakamfunika, akawa jiwe. Wakati huo hata watu bado hawajaumbwa.”

Katika hayo yote mimi nilisikia neno moja tu: alilala.

Wenzangu mliokulia kando ya ziwa mtanielewa. Sisi tulimjua kamongo. Kiangazi kinapokausha vinamasi, samaki huyo hujichimbia kwenye matope na kujikunja, na matope hukauka juu yake yakawa magumu kama tofali. Nilipokuwa mdogo zaidi, kule kwa babu upande wa Nyando, nilimwona babu akipasua bonge la udongo kwa jembe na kutoa kitu kikavu, cha kijivu, kilichojiviringa. Niliamini kimekufa. Babu alikitia katika karai la maji, akaniambia nisubiri. Kwanza maji yalibadilika rangi. Kisha kile kitu kikafunua mdomo, kikavuta hewa kwa sauti kama mzee anayeamka usingizini, kikaanza kuogelea. Tangu hapo nilishika kanuni moja kuhusu viumbe, na sikuona sababu ya kuitilia shaka: aliyelala katika udongo huamshwa na maji.

Baba aliporudi kazini, jiwe lilikaa juu ya kabati pembeni mwa redio. Kiangazi kikaja. Nilimtazama mnyama wa baba pale juu, mkavu, na nilimhurumia. Beseni la kufulia halikufaa kwa sababu ya sabuni. Pipa la ploti lilikuwa na viluwiluwi vya mbu. Maji safi kuliko yote nyumbani yalikuwa ya mtungi, tena yalikuwa baridi, na nilifikiri mnyama wa bahari angependa baridi. Baba alishasema bahari ina chumvi. Kwa hiyo nilimtumbukiza mtungini polepole, asiumie, nikatia na chumvi, gao moja la mkono wangu, nikafunika.

Mchana huohuo ilikuwa zamu ya nyumba yetu kupokea sala ya akina mama.

Akina mama hao walikuwa na vitambaa vyeupe vya kichwa na walikutana kila juma katika nyumba ya mmoja wao. Kiongozi wao aliitwa Mama Susana, mke wa karani wa reli, mwanamke mrefu, mwenye sauti ambayo kwaya ilipoisikia ikitoka pembeni ilijua imeharibu. Hakuwa mtu mbaya. Mama yangu ndiye aliyetunza kitambaa cha Meza ya Bwana. Kila Jumamosi jioni alikifua, akakipitisha katika maji ya wanga wa muhogo, akakipiga pasi ya makaa mpaka kikasimama chenyewe kama karatasi. Mama Susana ndiye aliyempa kazi hiyo. Alisema hajaona mkono mwingine unaoweza kunyoosha kitambaa bila kukikasirisha.

Walisali, wakaimba, jua likawa kali kwenye mabati. Mama Susana akaenda mtungini, akateka kwa agwata, kile kibuyu kilichokatwa nusu, akanywa kwa mkupuo kama anywavyo mtu aliyeongoza nyimbo tatu. Kisha akasimama tuli.

“Mama Atieno,” alisema, kwa maana Atieno ndiye dada yangu mkubwa, “hii maji iko na chumvi.”

Mama alicheka kidogo, akidhani ni mzaha wa kuanzia chai. Mama Susana hakucheka. Aliinamia mtungi, akaondoa kifuniko chote ili mwanga uingie.

“Na hii inaniangalia huku chini ni nini?”

Mama alikuja, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akalitoa jiwe. Maji yalimchuruzika hadi sakafuni. Lilipolowa, nyota ilionekana nyeusi, wazi zaidi kuliko nilivyowahi kuiona, na wanawake wote waliiona pamoja naye. Aliuliza nani ameweka hili humu. Nikamjibu kutoka kizingitini kuwa ni mimi. Sikuwa na hofu. Nilidhani tunakaribia sehemu nzuri ya habari.

“Nimemweka aamke,” nilisema.

Mama Susana aligeuka akaniangalia. “Aamke nani, nyathina, mwanangu?”

“Mnyama wa baba. Wa Mombasa.”

Sina haja ya kuwaeleza wa rika langu neno Mombasa lilivyosikika Kondele siku hizo. Mtu wetu akifanya kazi pwani na kurudi na baiskeli mpya, kabla ya kumpongeza watu waliulizana kama ni mshahara au ni jini. Jiwe lenye nyota, ndani ya mtungi, ndani ya maji ya chumvi, limetoka Mombasa na linangojwa liamke: hapakuwa na mwanamke pale aliyehitaji tafsiri. Hiyo ilikuwa bilo, dawa ya kichawi, nao walikuwa wamekalia viti vya nyumba yenye bilo hiyo.

Nilieleza habari ya kamongo. Nilieleza vizuri, tangu matope mpaka karai la babu. Nilipofika kwenye karai walikuwa wanakusanya Biblia zao. Mmoja alisema, si kwa ukali, kwamba mtoto mdogo hawezi kutunga maneno kama hayo, amefundishwa. Mama Susana alitoka wa mwisho. Mlangoni alitema mate mchangani, akashika tumbo, akaenda.

Mama hakunipiga. Alimwaga maji, akasugua mtungi kwa mchanga, akauinamisha juani ukauke, na jiwe akalirudisha pembeni mwa redio. Atieno alimsihi alitupe shimoni kabla watu hawajarudi. Mama alisema kitu kinachotupwa usiku ndicho watu huamini kuwa ni dawa. Aliendelea kuosha vikombe.

Wazee wa kanisa walimwita baada ya ibada ya Jumapili. Nilikwenda naye kwa sababu mimi ndiye niliyetajwa. Hawakumtukana. Walimweleza utaratibu: alete kitu hicho mbele ya kanisa, kivunjwe kwa nyundo na vipande vitiwe motoni, aombewe, na siku hiyohiyo arudishiwe nafasi yake. Akikataa, atatengwa na Meza ya Bwana mpaka atakapokubali. Walikuwa wamewahi kufanya hivyo kwa wengine, na wengine wale walirudi wakakaa vizuri.

Mwinjilisti, kijana mpole aliyetamani jambo hilo liishe kabla ya chakula cha mchana, alimwambia, “Mama, ni jiwe tu. Livunje, yaishe.”

“Kama ni jiwe tu, mbona lazima livunjwe?” aliuliza mama.

Kisha akasema maneno ambayo nimeyakumbuka kila mara nilipokaa mimi mwenyewe upande ule wa meza, nikiwasikiliza watu walioitwa. Alisema, “Nikilivunja mbele ya kanisa nitakuwa nimeungama dawa. Dawa sina. Mnataka nimwombe Mungu msamaha kwa uongo?”

Jumatatu wasichana wawili walitumwa kuchukua kitambaa cha meza. Mama aliwakunjia, akawaonyesha mahali ambapo uzi wa pindo umeanza kulegea. Jumamosi iliyofuata, kwa mazoea, aliwasha pasi ya makaa. Ilipopata moto alisimama nayo mkononi, akatazama meza. Halafu akachukua leso za jikoni, moja moja, akazipiga pasi zote.

Kanisani tulihamia benchi la nyuma kabisa. Watu waliposogea mbele kushiriki, mama alibaki ameketi, mikono mapajani, midomo ikifuata maneno. Wanawake wa kanisa walipita na vikapu vyao mbele ya meza yake ya samaki, wakamsalimu kwa adabu, wakanunua mbele zaidi. Nilichoelewa mimi kilikuwa kitu kingine kabisa. Nilielewa kwamba mama anaadhibiwa kwa sababu mnyama hakuamka. Kama angefunua mdomo siku ile kama kamongo, wangeona ni samaki tu wa aina yake, wangecheka, na chai ingeandaliwa. Kwa hiyo kila nilipobaki peke yangu nilipanda kiti nikamsogelea pale kwenye redio na kumsihi aamke upesi aje ajieleze. Nilimpulizia hewa. Nilimwambia mama anakosa mkate.

Baba hakujua lolote. Mama alimpa kondakta wa basi la Mombasa ujumbe mrefu wa mdomo: jiwe limeleta shida, watu wanasema ni bilo, aombe ruhusa aje aseme mwenyewe. Kondakta aliukabidhi ujumbe kwa mlinzi wa machimbo. Mlinzi alimfikishia baba kilichosalia, nacho kilikuwa hiki: mke wako anauliza habari ya mawe.

Baba alifurahi. Katika miaka yote ya kazi yake hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuuliza habari ya mawe. Na Krismasi ilipofika aliingia ploti yetu amebeba begani mfuko wa unga uliomlemea shingo upande mmoja, akautua sebuleni, akafungua kamba na kuumimina juu ya mkeka. Yalikuwa mawe. Makubwa, madogo, mengine yamevunjika nusu, mengine yamepondeka kama mkate uliokaliwa, na kila moja lina nyota yake mgongoni.

“Ulisema unataka,” alisema baba.

Mama alimtazama, akayatazama mawe. Kisha akaketi chini penye mkeka akacheka, na kicheko kilipokwisha alilia kidogo, na alipokwisha kulia alimweleza yote tangu kamongo. Baba alisikiliza akiwa bado amevaa koti la safari. Mwisho aliuliza jambo moja tu, kama mfuko ungefika kanisani bila kupasuka.

Kanisani wazee walikuwapo, na baadhi ya akina mama wa vitambaa vyeupe, na Mama Susana katikati yao. Baba aliyamwaga mawe juu ya meza yao. Alisema huko kazini wanayakanyaga, wanayapasua kwa nyundo, na mengine yanabaki ndani ya tofali na kwenda kujenga nyumba za watu. Alisema hata kanisa analosali huko pwani limejengwa kwa mawe hayo, na ukutani karibu na mlango nyota zinaonekana. “Kama ni jini,” alisema, “basi mimi nasali ndani ya tumbo lake.”

Mzee mmoja alishika jiwe, akaliweka chini, akashika lingine. “Kumbe la kwanza halikutosha, umetuletea ukoo mzima,” alisema.

“Ukoo mzima, mzee. Na wote wamekufa.”

Baadhi walicheka. Wengine hawakucheka, na mmoja alianza kusema kwamba uchawi hauwi mdogo kwa kuwa mwingi. Jambo lilikuwa linarudi lilikotoka. Niliona mama akiinamisha kichwa, na nilijua tunarudi benchi la nyuma.

Ndipo Mama Susana akasimama.

“Nyinyi wote mliona tu,” alisema. “Mimi nilikunywa.”

Alijipiga kiganja tumboni.

“Ilishuka mpaka tumboni. Tangu hiyo siku, tumbo ikinguruma nasema, ni sasa. Watoto wangu nimewaaga moyoni mpaka nimechoka kuwaaga. Nimengoja kufa kwa hiyo maji tangu kiangazi. Sasa ni Krismasi, na mnaniona. Nimenenepa.”

Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipocheka mwenyewe, na hapo walicheka wote, hata yule aliyekuwa anasema habari ya wingi wa uchawi. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoona uzito wa alichokitoa siku ile. Sote tulidhani alikuwa na hasira. Kumbe alikuwa na hofu, na aliibeba peke yake miezi ile yote akiongoza nyimbo.

“Baba Atieno,” alisema, “nipe moja.”

Baba alimwambia achague. Alipekua meza yote, akachukua kubwa kuliko mengine. “Hii. Nimeteseka nayo, acha niwe na kubwa.” Akalitia ndani ya kikapu chake pamoja na Biblia. Akampita mama, na bila kusimama akamwambia, “Kitambaa tutaleta.”

Kililetwa Jumamosi. Yeyote aliyekipiga pasi katika miezi hiyo alikiunguza karibu na pindo, alama ya kahawia, umbo la ncha ya pasi. Mama aliiona. Alikinyunyizia maji. Tangu hapo, kila alipokitandika, alihakikisha upande ule unaelekea ukutani.

Mawe mengine tuligawiwa watoto wa ploti, na yakapotea kama vitu vya watoto vipoteavyo. Lile la kwanza mama aliliondoa penye redio akaliweka juu ya kifuniko cha mtungi. Atieno alimuuliza kwa nini apachague hapo, mahali palipoleta maneno. Alijibu kwamba anayetaka maji katika nyumba hii atalishika kwanza. Walipohamia Kisian baba alipostaafu, lilihama nao. Mitungi ilivunjika na kununuliwa mingine, baba naye akazikwa, jiwe likabaki.

Binti wa Atieno alisomea chuo kikuu mambo ya mawe na dunia ya kale. Aliniambia kitu hicho huitwa kisukuku. Aliniambia ndugu zake wa mbali wapo baharini hata leo, wana miiba kama nungunungu na hutembea kwa vijiguu laini vinavyotoka katika vitundu vya ile nyota. Lakini wa aina hii, alisema, waliisha wote, ukoo mzima, hakuna hata mmoja katika bahari yoyote. Nilimuuliza kama ana hakika. Alisema ana hakika. Nilifikiri sana juu ya hilo, kwa sababu sisi Wajaluo tunachoogopa kuliko kifo ni ukoo kuisha, asibaki mtu wa kupewa jina la aliyetangulia. Mungu alikiumba kiumbe hiki kwa uangalifu ule wa sindano, akakiacha kiishi chini ya maji ambako hakuna jicho la mtu, kisha akakifunga. Lakini hakukisahau, maana nyota yake ipo, na imefika mpaka jikoni kwetu. Sijui zaidi ya hapo, na nimejifunza kushukuru kwa ninachokijua kabla ya kuuliza kilichobaki.

Siku ile ya mwili wa mama, jioni kabla jua halijazama, Mama Susana aliletwa na mjukuu wake. Amekuwa mzee sana. Macho yamemwacha, urefu wake umeinama juu ya fimbo. Aliingia sebuleni, akakaa kando ya jeneza, akagusa kitambaa cheupe kichwani mwa mama, akakinyoosha mahali ambapo hakikuwa kimekunjamana. Kisha akasema ana kiu. Msichana mmoja alitaka kumletea maji. Alikataa, akaniomba nimpeleke mtungini mwenyewe.

Mkono wake ulipapasa kifuniko ukakutana na jiwe. Haukuliinua mara moja. Kidole gumba kilitafuta nyota, kikapita ncha hadi ncha. Kisha akanipa nilishike, akateka kwa agwata, akanywa taratibu, akaonja mdomoni.

“Leo haina chumvi,” alisema.

Nikamwambia leo haina.

Aligeuza uso upande wa sebuleni, ambako waimbaji walikuwa wanaanza wimbo kwa sauti ya chini.

“Bado hajaamka?”

“Bado, mama.”

Alinyoosha mkono nikamrudishia jiwe. Akaliweka juu ya kifuniko, akalisawazisha lisiteleze.

“Basi,” alisema, “tutangoja.”